Aliyetuumba Ndiye Aliyefunga Viungo Vyetu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, katika Sura Al-Insan, aya ya 28, Allah (s.w.t.) anatukumbusha kuwa Yeye ndiye aliyetuumba na kuimarisha maumbile yetu. Neno lililotumika hapo ni *asr*, na asili yake ni kufunga. Wako wafasiri waliolieleza kuwa ni viungo na namna vilivyoshikanishwa.

Kifungo kimojawapo cha mwili ni kolajeni, protini iliyo nyingi kuliko zote mwilini. Ndiyo inayoshikilia ngozi, kano, mifupa, fizi na kuta za mishipa ya damu. Seli huisokota kama kamba ya nyuzi tatu. Lakini kabla ya kusokota, hurekebisha nyuzi zenyewe kwa kuziongezea oksijeni na haidrojeni mahali maalumu. Zisiporekebishwa, msokoto hufumuka kwa joto la mwili tu. Kazi hiyo inahitaji madini ya chuma, na vitamini C ndiyo inayoiwezesha chuma kuendelea kufanya kazi.

Tafakari basi: mbuzi hujitengenezea vitamini C mwilini mwake. Mwanadamu, pamoja na majivuno yake yote, hawezi, anahitaji pera. Mabaharia wa Vasco da Gama walipovuka bahari kutoka India walivimba fizi kwa kiseyeye, na wengi wakafa. Walipofika Malindi Januari 1499, waliwaombea wagonjwa wao machungwa. Walikuwa na mizinga, wakakosa tunda.

Sasa tuangalie sadaka zetu. Tunapowakusanyia chakula ndugu zetu wa Namuwongo, wanaoishi kando ya reli, mara nyingi mfuko huwa na posho, sukari na mafuta. Ni kheri, na vinashibisha. Lakini vyote vitatu havina vitamini C. Mtoto aliyekatwa na bati akicheza karibu na mfereji, kidonda chake kitafungwa na kolajeni mpya. Tumempa nini cha kuitengenezea?

Mtume (s.a.w.) aliwafananisha waumini na jengo ambalo sehemu zake hushikana, kisha akafumbatanisha vidole vyake. Basi tushikane kwa jambo hili dogo: kila mfuko uwe na machungwa, mapera au nyanya, na fungu la dodo. Tuwakumbushe pia akina mama zetu kwamba mboga ikichemshwa muda mrefu hupoteza vitamini hiyo. Nasi wanafunzi tunaoishi kwa chapati na chai, mwili ni amana, tutaulizwa.

Ewe Mola, tutie nguvu viungo vyetu katika kukutii, uponye majeraha ya wanyonge wetu, na uzifunge nyoyo zetu pamoja. Amin.

Wabillahi tawfiq.