Mzigo wa Punda wa Adui

Wahenga walinena kuwa shukrani ya punda ni mateke. Methali hiyo hutumika kumsuta mtu asiye na fadhila, na ni nadra mtu kuuliza punda huyo alitendewa wema gani hata akadaiwa shukrani. Mtazame katika njia za Dodoma au Monduli, amebeba madumu ya maji, mgongo umechubuka na fimbo haimwachi: mdeni katika shauri hili ni mwanadamu.

Basi Mkristo hana budi kujiuliza: je, mnyama ana haki yoyote mbele ya Mungu, au huruma anayoonyeshwa ni hisani tu? Wengi hukimbilia Kitabu cha Mwanzo, mahali binadamu alipopewa kuvitawala viumbe, wakadhani mjadala umekwisha. Lakini mtawala asiyewapumzisha raia zake, sisi tuliotawaliwa na wageni twajua anavyoitwa.

Sheria ya Musa ina jambo la ajabu. Katika Kutoka, sura ya 23, mtu akimkuta punda wa adui yake ameanguka chini ya mzigo, haruhusiwi kumpita. Sharti asaidie kumwinua. Ugomvi wa watu wawili, hata uwe mkali namna gani, haumhusu mnyama. Mistari michache mbele panatajwa pumziko la siku ya saba, na wanaotangulia kutajwa si mwana wa mjakazi wala mgeni, bali ng'ombe na punda.

Hapo ndipo ninapoachana na Thomas Aquinas, mwanachuoni mkuu wa karne ya 13, aliyefundisha kuwa ukatili kwa wanyama wakatazwa kwa sababu humzoeza mtu kuwatendea ukatili wanadamu wenzake. Hoja hiyo ina ukweli wake, kama ajuavyo kila mwalimu aliyemwona mtoto akimtupia mbwa mawe. Hata hivyo, punda amepewa siku ya kupumzika ili apumzike yeye, si ili mwenyewe ajifunze upole.

Kuna kikwazo kisichofaa kufichwa. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho, aliuliza kama Mungu hujishughulisha na ng'ombe, akaigeuza sheria ya kutomfunga kinywa ng'ombe apuraye nafaka iwe hoja ya ujira wa watumishi. Lakini hoja hiyo yasimama kwa kuwa ng'ombe alikwisha kupewa haki yake: mtumishi atapewaje pungufu ya ng'ombe?

Februari 2024, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi, ambayo huchemshwa kupata ejiao, dawa ya asili ya China. Uamuzi mwema, ila hoja iliyovuma zaidi ilikuwa riziki ya watu wanaomtegemea punda. Hiyo bado ni hesabu ya mwenye mali.

Hakuna amtakaye mama wa kijijini amwache punda wake, dumu lirudi kichwani pake. Kazi si dhuluma. Anachodaiwa mama huyo si kikubwa: tandiko lisilochubua, maji baada ya safari, na siku ile moja katika saba.