Mtoto na Mashine: Nani Ana Akili Zaidi?

Maandiko: Mathayo 18:1-5, Marko 10:13-16



Tangu tuanze somo la familia, mzazi mmoja wa Kawangware aliniuliza swali baada ya ibada: "Pasta, kama hii AI ya kwa simu inajibu kila kitu, huyu mtoto namlipia karo ya nini?" Hakuwa anacheka. Karo yenyewe anaitoa kwa kufulia watu nguo. Swali kama hilo linataka jibu la heshima.

Tuanze na ukweli, tusidanganyane. Mashine inajua mengi. Mwaka 2016 programu ya AlphaGo ilimshinda Lee Sedol wa Korea Kusini, bingwa mkubwa wa mchezo wa Go, mara 4 kwa 1. Tangu ChatGPT ifunguliwe kwa watu wote Novemba 2022, hata mwanafunzi wa Gredi ya 9 anaweza kuandikiwa insha kabla chai haijachemka. Ukiweka mtihani wa kukumbuka, mtoto wako ataachwa mbali.

Lakini mimi nilisomea biashara, na tulifundishwa kwamba kabla ya kusifu faida, uliza mtaji ulikuwa ngapi. Programu ya GPT-3 ya mwaka 2020 ilisomeshwa vipande vya maneno kama bilioni 300. Watafiti wa lugha wanakadiria kwamba mtoto akifika miaka 13 amesikia maneno yasiyozidi milioni 100. Yaani mashine imekula mara elfu tatu ya chakula cha mtoto! Na huyo mtoto, kama amekulia Makina pale Kibera, anaweza kuwa na Kinubi cha nyanya yake, Kiswahili cha jirani, Sheng ya uwanjani na Kiingereza cha darasani. Hakuna aliyemsomesha maktaba nzima. Alikuwa tu katikati ya watu wanaomwongelesha.

Tena kuna jambo linalotuhusu sisi kabisa. Mwaka 2018 BBC ilieleza kazi ambayo watu wa Kibera walikuwa wakifanya katika kampuni ya Samasource hapa Nairobi. Mtu anakaa mbele ya kompyuta na picha ya barabara. Anachora mstari kuzunguka kila gari, kila mtu, kila alama ya barabarani, halafu anaandika hiki ni nini. Akimaliza moja, anaanza nyingine. Hivyo ndivyo magari yanayojiendesha yanavyofundishwa kujua kilicho mbele yao.

Sasa mwangalie mtoto wa miaka miwili pale Laini Saba. Ameona mkokoteni mara moja, labda mbili. Kesho unapita mwingine, rangi tofauti, gurudumu limepinda, umejaa mitungi ya maji. Anapiga kelele, "Mkokoteni!" Nani alimchorea mstari?

Januari 2023 jarida la TIME liliandika kuhusu kampuni hiyo hiyo, ambayo sasa inaitwa Sama. Wakenya waliosoma maneno machafu ili ChatGPT ijifunze kuyatambua walikuwa wakipeleka nyumbani kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Kumbe hii akili inayotutisha ilipitia mikononi mwa vijana wetu. Waliifundisha, nayo ikasifiwa kuliko walimu wake.

Kuna jaribio lingine la mwaka 2023 lililofanywa na akina Alison Gopnik wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Waliuliza: unataka kuchora duara na huna bikari, utachukua nini kati ya rula, birika na jiko? Rula na bikari hukaa pamoja kwenye mkebe wa hesabu, na programu kadhaa zilivutwa huko. Watoto wengi walichagua birika. Kwa nini? Sehemu yake ya chini ni mviringo. Hapa mtaani hilo halitushangazi. Tunawaona watoto wakitengeneza gari kwa waya na vifuniko vya soda. Mtoto anatazama kifuniko na kuona gurudumu.

Haleluya kwa akili hiyo. Ningeweza kumaliza hapa na tukapiga makofi, lakini jibu hilo halitoshi.

Tukisema mtoto ana thamani kwa sababu anajifunza haraka, tutasema nini siku mashine itakapojifunza haraka kuliko yeye? Tena tuna watoto kati yetu ambao hawatachagua birika. Kuna mwenye mtindio wa ubongo, anayebebwa mgongoni na mamake akiwa na miaka minane. Kuna ambaye hajatamka neno bado. Je, hao mashine imewazidi? Ukipima watu kwa uwezo, lazima kuna mtu utamtupa, na mara nyingi ni yule aliyehitaji kubebwa.

Darasani tulitofautisha bei na thamani. Bei huwekwa na soko, na hushuka bidhaa ya rahisi ikija. Kuanzia 1985 hadi 2023 mtihani wa KCPE uliwapa watoto wetu bei, na miaka mingi ilihesabiwa kwa alama 500. Wako watu wazima humu kanisani ambao bado wanatembea na namba ile kwenye paji la uso.

Wanafunzi walimwendea Yesu na swali la namna hiyo: nani mkubwa? Akamwita mtoto, akamweka katikati yao. Hakumpa mtihani kwanza. Katika Marko 10, wanafunzi walipowazuia watoto, Bwana alikasirika. Aliwakumbatia na kuwabariki kabla hawajamfanyia kitu chochote. Hiyo ndiyo thamani, na soko haliwezi kuishusha.

Basi karo ni ya nini? Ni ya kumlea mtu atakayejibu kwa matendo yake. Mtoto akiiba sukari, anaficha mkono nyuma, kwa sababu dhamiri imeanza kuongea. Mashine ikikosea haioni aibu wala haitubu. Mtoto wako ataamua siku moja kama atamlipa mfanyakazi wake haki yake, na kama hiyo mashine itatumika kusaidia au kudhulumu. Uamuzi huo unafundishwa nyumbani, shuleni na hapa kanisani.

Simu imsaidie na kazi ya shule, hakuna dhambi. Ila isikae mahali pako. Najua unafika nyumbani saa mbili usiku miguu ikiuma, na kumpa simu ndiyo njia rahisi. Lakini mtoto anayeuliza "kwa nini" anakutafuta wewe pamoja na jibu.

Wiki hii, akiuliza, mpe dakika kumi. Kama hujui, mwambie hujui, kisha mtafute pamoja. Na yule asiyeweza kuuliza, mkumbatie.

Mungu awabariki.