Motokaa, Fundi na Bei ya Haki

Ni nadra kumkuta mwenye motokaa katika nchi hii asiyelalamikia gharama za kuitengeneza. Mwalimu aliyejinyima miaka mingi hata akapata gari lililokwisha kutumika Japani, mama mwenye duka, paroko ambaye gari lake la misioni hukohoa kila kilima: wote wana kisa chao. Wasemavyo ni kwamba kwa wakala wa kampuni mtu hunyang'anywa kwa karatasi, na katika gereji ya mtaani hunyang'anywa kwa maneno. Twataka leo kuuliza: katika bei hizo, ni ipi iliyo kubwa tu, na ni ipi iliyo dhambi? Maana hayo ni mambo mawili, na watu huyachanganya.

Tutazame Ilala, jijini Dar es Salaam. Kando ya Barabara ya Nyerere, ambayo wazee wangali wakiiita Barabara ya Pugu, ziko karakana za mawakala, zenye sakafu safi na viti vya kungojea. Mwendo mfupi kutoka hapo, Gerezani na Shaurimoyo, ukingoni mwa Kariakoo, ziko gereji za wazi na maduka ya spea yaliyobanana kama meno. Kazi ile ile huweza kudaiwa bei mbili zisizofanana hata kidogo.

Tuanze na wakala, tumtendee haki. Yeye hulipia jengo, umeme na mashine za kupimia injini. Huwasomesha mafundi wake. Huweka ghalani spea ambazo huenda zikakaa mwaka mzima bila kuguswa, nazo zimelipiwa fedha za kigeni, zikatozwa ushuru bandarini, na mwishowe mnunuzi huongezewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Tena wateja wake ni wachache. Motokaa nyingi tuzionazo barabarani hazikuuzwa na wakala yeyote wa hapa. Zililetwa kutoka Japani zikiwa zimekwisha kutumika, kwa kuwa huko nako usukani uko kulia. Gari kama Toyota IST, ambalo limejaa katika mitaa yetu, lilitengenezwa kwanza kwa ajili ya soko la Wajapani. Basi gharama za karakana kubwa zikigawanywa kwa wateja wachache, fungu la kila mmoja huwa zito. Huo ni ughali, wala si wizi.

Dhambi huanza mahali pengine, nayo yaweza kuingia katika karakana zote mbili. Mtu anunuaye samaki Feri hutazama macho yake na kufunua matamvua. Anunuaye kitambaa hukivuta kwa vidole. Lakini fundi atokapo chini ya gari, mikono imejaa oili, akasema gia boksi imekwisha, mwenye gari atatazama nini? Fundi ndiye mganga, ndiye mwuza dawa, tena ndiye shahidi pekee kwamba ugonjwa ulikuwapo. Na yule wa karakana safi, abadilishaye kifaa kizima kwa kuwa mwenye gari hatajua, hana udhuru kwa sababu ameandika stakabadhi.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, aliyachunguza mambo haya katika Summa yake, katika swali la 77 la nusu ya pili ya sehemu ya pili. Yeye hakujua motokaa, ila alijua farasi. Afundisha kwamba mwenye kuuza farasi mwenye jicho moja halazimiki kuitangaza ila hiyo, kwa sababu kila mtu aiona, mradi bei ipunguzwe kwa kadiri yake. Bali ila iliyofichika yapasa kusemwa, na aifichaye kwa makusudi afanya dhambi, tena awajibika kurudisha. Afundisha pia neno ambalo twaona limesahauliwa kabisa: mnunuzi akiwa na shida kubwa ya kitu, na mwuzaji asipate hasara yoyote kwa kukitoa, mwuzaji hana ruhusa kupandisha bei kwa ajili ya shida ile. Shida ni mali ya mnunuzi, na mtu hawezi kuuza kisicho chake. Afikirie hayo fundi aitwaye usiku kwa gari lililozimika njiani na watoto wamo ndani. Usumbufu wake wa usiku una bei yake, naye ana haki ya kulipwa. Hofu ya yule baba haina bei.

Kuna ubaya uzidio huo. Auzaye pedi za breki bandia katika boksi lenye jina la kampuni maarufu hakuvunja amri ya saba peke yake. Ameigusa na ya tano. Nchi yetu ina Sheria ya Alama za Bidhaa tangu mwaka 1963, na Tume ya Ushindani imepewa kazi ya kukamata bidhaa bandia. Walakini hakuna mkaguzi awezaye kusimama katika kila kibanda cha Gerezani.

Sasa tugeuke upande wa wateja, ambao hujiona wasafi. Katika Dar es Salaam watu wengi huchora namba za gari kwenye vioo vya pembeni na taa, maana usiku huja mtu akavingoa. Na watu husema kwa mzaha kwamba asubuhi utakikuta kioo chako mwenyewe Kariakoo kikingoja ukinunue. Mzaha huo hatucheki. Vioo haviibwi ili vitundikwe ukutani. Huibwa kwa kuwa kuna Mkristo mwema atakayevinunua kwa nusu ya bei bila kuuliza vimetoka wapi.

Na liko jambo lililofichika zaidi, ambalo kwa maoni yetu ndilo shina la malalamiko yote. Sisi twakubali kulipia chuma, hatutaki kulipia ujuzi. Fundi asikilizapo injini, akafikiri, akagundua kwamba ni waya mmoja tu uliolegea, kisha akadai ada ya kazi, twamwambia: "Kwani umefanya nini?" Naye amejifunza. Siku nyingine hatadai kitu kwa ujuzi. Atakwenda dukani, akubaliane na mwenye duka, na spea itafika kwetu na kile kiitwacho "cha juu" ndani yake. Ujuzi tuliokataa kuulipia waziwazi umejificha ndani ya boliti. Wala haulipiwi mara moja tu, kwa kuwa sasa ni faida kwake boliti zibadilishwe mara nyingi.

Hatusemi haya kumtetea. Uongo ni uongo hata ukisukumwa na njaa. Lakini Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya wafanyakazi, alifundisha kwamba ujira haupaswi kupungua hata usitoshe kumtunza mfanyakazi, ijapokuwa yeye mwenyewe ameukubali kwa kulazimika. Tumtazame yule kijana ashikaye spana tangu asubuhi kwa kupewa chakula tu. Ajifunza kufungua injini, na papo hapo ajifunza jinsi fundi wake azungumzavyo na mwenye duka. Atakapofungua gereji yake atakuwa hodari katika yote mawili.

Basi yafaa mwenye gari aseme mapema: ada ya kazi ni kiasi gani, spea nitainunua mwenyewe au nitaona stakabadhi, na kifaa kibovu nirudishiwe mkononi. Fundi mwaminifu hataudhika, mradi ile ada iwe ya kumwezesha kulisha nyumba yake.

Mafundi wengine huuliza kuhusu cha juu walichokwisha kula: je, ni lazima kukirudisha? Ndiyo. Ikiwa mwenye mali hajulikani wala hapatikani baada ya kutafutwa kweli, Kanisa tangu zamani lafundisha kwamba mali hiyo wapewe maskini. Ila twajua kwamba namba za simu za wateja wengi zimo katika simu ya fundi.