Haki ya Aliyeanguka Njiani

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mwenye kusitiri aibu za waja wake. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Ndugu zangu Waislamu, limezuka katika miji yetu jambo ambalo wazee wetu hawakulijua. Gari likipinduka au chombo kikizama, watu hukimbilia hapo kama zamani. Lakini zamani mtu alikwenda na mikono miwili, na leo huenda na mmoja, kwani wa pili umeshika simu. Majeruhi yu chini amwita mamaye, nao wamemzunguka wampiga picha, na waokozi wakija hawana pa kupita.

Sikilizeni khabari hii, nami naanza na nafsi yangu kabla ya kumsema mwingine. Siku moja baada ya sala ya alasiri, kijana alinionyesha barazani picha ya maiti wa ajali ya asubuhi ile. Nikaitazama, nikasema “Inna lillahi”, nikamrudishia simu yake, sikumwambia aifute. Kabla ya isha ikajulikana kwamba maiti yule ni mtoto wa jirani yetu, na mamaye alikuwa amekwisha kuletewa picha ile ile, kabla hajafikiwa na mtu wa kumpa pole. Alimjua mwanawe kwa kikoi alichomnunulia mwenyewe. Tangu siku ile najiuliza nitamjibu nini Mola wangu, mimi niliyesomesha Mlango wa Janaza miaka mingi.

Na Mlango wa Janaza wasemaje? Imamu Nawawi ameandika katika Minhaj, nao ndio mwendo wa madhehebu yetu ya Imamu Shafii, kwamba mwenye kuosha maiti akiona jema hulitaja, na akiona baya ni haramu kulitaja, ila kwa maslaha. Basi zingatieni. Mwoshaji ameingia kwa ruhusa, mlango umefungwa, maiti amefunikwa nguo, na juu ya hayo amekatazwa kusimulia hata kwa ulimi. Seuze mpita njia asiyeitwa na mtu, akachukua sura ya mwili ulioraruka akaitawanya kwa watu elfu?

Na asili ya haya imo katika Sura ya Al-Maida. Mwana wa Adamu alipomuua nduguye, hakujua la kumfanya. Mungu akamleta kunguru akichimbua ardhi, ili amwonyeshe jinsi ya kumsitiri. Basi somo la kwanza alilopewa mwanadamu juu ya maiti ni kumsitiri, na mwalimu wake alikuwa ndege. Je, yatupendeza kushindwa na kunguru?

Kadhalika Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwakataza masahaba kukaa njiani. Waliposema hawana budi, aliwaamrisha waipe njia haki yake, na jambo la kwanza alilolitaja ni kuinamisha macho, kisha kuzuia udhia. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Na udhia gani ulio mkubwa kuliko kuziba njia ya gari la wagonjwa?

Balaa hili si la pwani yetu peke yake. Ujerumani waokozi wamelipigania sana. Huko huweka viambaza vya nguo kando ya barabara ili wapitao wasione. Mwezi wa Mei 2019, karibu na mji wa Nürnberg, dereva wa lori alikufa barabarani; askari mmoja akawasimamisha madereva waliokuwa wakipiga picha huku wakiendesha, akawaambia washuke, awapeleke wakamtazame maiti kwa macho yao. Wakakataa. Fikirini: walichokitaka kwa simu, macho yao yalikiogopa. Mwaka 2021 chama cha Johanniter kilijaribu kuchora magari ya wagonjwa alama ambayo simu ikielekezwa huisoma yenyewe, ikamtolea mwenye simu onyo kwamba kutazama huku kwaua. Na tangu tarehe 1 Januari 2021 sheria yao humwadhibu hata ampigaye picha ya kumfedhehesha maiti, kwa faini au kifungo kisichozidi miaka 2. Hao wamelifikia jambo hili kwa sheria ya juzi. Sisi tuna amri yake tangu zama za Mtume. Aibu ni yetu.

Huenda mtu akauliza: Je, picha zote ni haramu? Jawabu: Neno “ila kwa maslaha” halikuandikwa bure. Akiwepo aliyekimbia baada ya kumgonga mtu, kuichukua nambari ya gari lake ni ushahidi, na ushahidi ni amana: hupelekwa kwa askari, wala hautawanywi. Lakini hayo ni baada ya majeruhi kupata wa kumsaidia.

Basi ukifika penye ajali, fanya haya. Kwanza, ita waokozi: Tanzania polisi ni 112 na zimamoto 114, Kenya ni 999. Pili, likiwa ni gari la mafuta, jiepushe nalo na uwaepushe wenzako. Mmesikia ya Morogoro tarehe 10 Agosti 2019, walipokufa watu zaidi ya 100 baada ya kukusanyika penye lori lililopinduka. Tatu, waokozi wakija, wapishe na uwatii. Muokozi mwenye busara humwona mwenye simu akampa kazi: “Ndugu, shika shuka hili, tumsitiri.” Ukiambiwa hivyo, itie simu mfukoni na ushukuru, kwani umetolewa katika dhambi ukatiwa katika thawabu. Nne, picha ikikujia, ifute, umwombee dua yule maiti, na umnasihi aliyeileta. Usifanye kama nilivyofanya mimi.

Imekuja katika hadithi sahihi kwamba amsitiriye Muislamu, Mungu atamsitiri Siku ya Kiyama. Na siku hiyo kila mmoja wetu atataka sitara.

Ewe Mola, wasitiri maiti wetu, waponye majeruhi wetu, utusamehe tuliyoyatazama na tuliyoyanyamazia. Amin.

Wabillahi t-tawfiq.