Kujua kwa Vipimo vya Wengine

Mwanafunzi anayesomea sayansi mtandaoni hana maabara. Hupewa jedwali la namba, akatakiwa achore grafu, atafute wastani na aeleze alichokiona. Je, huyo amejua jambo, au amemwamini tu aliyepima? Wapo wanaoshikilia kuwa ajuaye ni yule aliyeshika chombo kwa mkono wake, na waliobaki ni wapokezi wa habari. Hoja hiyo haisimami, na mwanaastronomia Johannes Kepler peke yake anatosha kuiangusha. Vipimo vya sayari ya Mirihi alivyovitegemea vilikuwa vya Tycho Brahe, aliyefariki mwaka 1601. Kepler alikuwa amebuni njia ya mviringo iliyokaribiana sana na vipimo hivyo; tofauti ilikuwa dakika 8 za pembe, chini ya sehemu ya saba ya nyuzi moja. Mwingine angeipuuza. Yeye alijua jinsi Tycho alivyokuwa makini, akaamini kwamba mtu yule hawezi kukosea kiasi hicho, hivyo akaitupa hesabu yake mwenyewe. Mwaka 1609 akachapisha kwamba Mirihi hulizunguka jua kwa njia ya duaradufu. Kumwamini shahidi ndiko kulikomlazimisha afikiri upya.

Kwa hiyo swali la maana ni kama mwanafunzi anapewa nafasi ya kumhoji shahidi. Chukua vipimo vya hewa ya ukaa vilivyoanzishwa na Charles David Keeling mwaka 1958 katika mlima Mauna Loa, Hawaii, ambavyo yeyote mwenye intaneti anaweza kuvipakua. Kiwango kilikuwa kama sehemu 315 kwa milioni. Leo kimepita 420. Mwanzoni mwa 1964 kuna miezi iliyokosa vipimo kwa sababu fedha zilikatwa, na katika jedwali pengo kama hilo huandikwa -99.99. Asiyeangalia atajumlisha namba hiyo pamoja na nyingine, na wastani wake utaporomoka. Walimu wengi humwondolea mwanafunzi usumbufu huo kwa kumpa jedwali lililokwisha safishwa. Naona wanamnyima somo lenyewe, maana palipo na kasoro ndipo anapolazimika kuuliza namba hii imetoka wapi, nani aliiandika, na kwa nini.

Atasema mtu kwamba asiyewahi kushika kipimajoto hajui kosa la kipimo ni nini. Kuna ukweli hapo, na mwanafunzi wa mtandaoni apewe japo kazi ndogo ya kupima mwenyewe, hata kivuli cha mti uani. Lakini mkono nao hauhoji. Wangapi wameandika katika daftari la maabara jibu walilotarajiwa kulipata? Kuhoji kunawezekana hata bila chombo mkononi: Mauna Loa ni volkano, nayo hutoa hewa ya ukaa. Mwanafunzi anayeliona hilo na kuuliza kama grafu yake haijapima pumzi ya mlima ataelekezwa kwenye rekodi za upepo, akaone kwamba vipimo vilivyoingiliwa na hewa kutoka kwenye matundu ya volkano huyumbayumba, hutambuliwa, na kuwekwa kando.