Degedege na Idhini ya Mume

Yako masuala ambayo masheikh huulizwa baada ya jambo kwisha kuharibika, na hili ni mojawapo. Mtoto ameamka na homa, adhuhuri imemzidi, mara macho yamegeuka, mikono na miguu yajitupa. Baba yuko safarini, au baharini, na simu haishiki. Mama ameshavaa buibui, amefika mlangoni, kisha arudi ndani: baba watoto hajatoa ruhusa. Je, akitoka ameasi?

Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi hawakuliacha bila ya jibu. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, katika kitabu chake Minhaj amehesabu kutoka bila ya idhini kuwa ni nushuzi, kisha akamtoa katika hukumu hiyo mwanamke ambaye nyumba yakaribia kumwangukia. Basi ikiwa ukuta wa mawe na chokaa watosha kumtoa mke nje, roho ya mtoto haitoshi? Na mume amchaye Mwenyezi Mungu hangoji kuulizwa. Asafiripo huacha idhini hiyo, na nauli juu yake.

Atasema bibi mzaa baba: ngojeni kwanza, hilo ni dege, si la hospitali. Wazee walimwona mtoto akipapatika kama aliyepitiwa na ndege mbaya usiku, wakalipa jina kwa walichokiona, hatuwacheki. Lakini leo twajua zaidi. Homa peke yake yaweza kumtia degedege mtoto wa baina ya miezi sita na miaka mitano, na mara nyingi humwacha salama. Malaria iliyopanda kichwani huja kwa sura hiyo hiyo, na homa ya uti wa mgongo kadhalika. Mama hawezi kuzipambanua kwa jicho. Tabibu mwenyewe hupima damu. Na malaria ya kichwa yaweza kuua ndani ya siku moja, au ikamwacha mtoto na kilema cha ubongo. Huko kungoja ndiko kunakoogopesha.

Liko na neno baya zaidi, kwamba mwenye degedege akidungwa sindano atakufa. Nadhani neno hili limezaliwa na huko kuchelewa: mtoto huzungushwa siku mbili kwa waganga, afikishwe hospitali yu katika kukata roho, adungwe, afe, na lawama iangukie sindano. Hali sindano ya artesuneti ndiyo dawa itegemewayo leo kwa malaria kali.

Degedege likimshika, mlaze kwa ubavu mahali pasipo kitu cha kumuumiza, mlegezee nguo, utazame saa. Likipita dakika tano hatari imezidi, lakini hata likikoma upesi mpeleke. Usimbane viungo, usimtie kijiko wala kidole kinywani, usimfukize. Na kombe pia, ndugu zangu, nasema haya nami ni mwenye kuandika kombe: asiye na fahamu hamezi. Zafarani ile, pamoja na aya zilizooshwa ndani yake, itaingia mapafuni imsonge. Msomee Fatiha njiani, umpulizie. Kisomo hakizuiliwi na mwendo wa gari wala wa mashua.

Bibi aheshimiwe, aombwe radhi, aachiwe watoto waliobaki. Lakini heshima yake haifiki kufunga mlango.

Hubaki swali la mume akirudi amekasirika. Wako waliowanyima wake zao matumizi kwa kosa hili, wakidai nushuzi. Hapana nushuzi hapa. Nafaka ya mke haikukatika hata siku moja, na ujira wa tabibu na thamani ya dawa za mtoto asiye na mali yake ni juu ya babake.