Ndama Wasiotaka Kukua

Wako wasomaji wanaodhani kwamba sinema ya kuchekesha haina neno kwa mtu mzima: acheke, arudi nyumbani, basi. Leo twapenda kuitaja filamu moja ya Italia iliyotuchekesha sana, kisha ikatunyima usingizi. Yaitwa I Vitelloni, yaani ndama wakubwa. Federico Fellini aliitoa mwaka 1953, na mwaka huo huo ikapewa Simba wa Fedha huko Venice.

Habari yenyewe ni ya vijana watano wa mji mdogo wa pwani, unaofanana na Rimini alikozaliwa Fellini. Fausto, Moraldo, Alberto, Leopoldo na Riccardo wamekwisha kuwa watu wazima, lakini wanakula kwa baba na mama. Hucheza biliadi, hupiga soga mkahawani, na siku za baridi huenda kuitazama bahari tupu. Italia ya miaka ile, baada ya vita iliyokwisha mwaka 1945, ilikuwa na watu wengi waliotafuta kazi wasiipate. Watu hao hatuwalaumu. Kumwita mtu wa namna hiyo mvivu ni kumtia jeraha juu ya jeraha. Lakini watano hawa hawatafuti, na kazi ikiwajia huiona kuwa adhabu.

Twajiuliza basi: mtu asiyetaka kubeba mzigo wowote, aweza kumpenda mwenzake?

Fausto amempa mimba Sandra, dada yake Moraldo. Apatapo habari hiyo, afunga sanduku akimbie. Baba yake, mzee wa kazi na jasho, amkamata na kumlazimisha aoe. Watazamaji hucheka, nasi tulicheka. Lakini sisi tulio mapadre hatukuweza kuishia hapo. Sheria ya Kanisa yasema kwamba ndoa iliyofungwa kwa nguvu au kwa hofu kubwa si ndoa. Hasira ya mzee ilikuwa ya haki, maana binti wa watu hakuwa mchezo. Hata hivyo, nguvu za baba zaweza kumfikisha kijana altareni, lakini haziwezi kutamka ndiyo badala yake.

Yaliyofuata yaonyesha hivyo. Fausto atafutiwa kazi katika duka la vitu vya ibada, na hapo, katikati ya mishumaa na sanamu, amnyemelea mke wa tajiri wake. Afukuzwa. Kwa kulipiza kisasi aiba sanamu ya malaika, kisha azunguka nayo pamoja na Moraldo, wakijaribu kuiuza kwa masista na kwa watawa wa kiume, hakuna anayeitaka. Mwishowe malaika abaki mikononi mwa maskini mmoja mwenye akili pungufu, naye amsimamisha mchangani na kumpapasa kwa upendo. Katika filamu nzima hatukuona mkono mwingine unaogusa kitu kwa heshima kama ule.

Alberto ndiye achekeshaye kupita wote, na kwa hiyo ndiye wa kuhofiwa. Aishi na mama yake, na nyumba yategemea kazi ya dada yake, Olga. Humwomba Olga fedha, kisha humkaripia asimlize mama kwa kufuatana na mtu mwenye mke. Alfajiri moja baada ya ngoma za Karnivali, Alberto arudi amelewa, bado amevaa nguo za kike, na kumkuta dada yake akiondoka na mtu yule. Hatuwezi kusema Olga alifanya vema. Lakini nani kati yetu atamhukumu bila kuhesabu kwanza miaka aliyomlisha ndugu mwenye afya? Alberto amwahidi mama kwamba sasa atatafuta kazi, kisha alala usingizi.

Baadaye, akiwa garini, awadhihaki wafanyakazi wa barabara kwa ishara ya matusi. Gari lazimika hatua chache mbele, na wale watu waja mbio. Ukumbi mzima huangua kicheko, na ni halali. Ila twaomba msomaji akumbuke ni jasho la nani lililokuwa likichekwa.

Mwishoni Fausto achapwa mkanda na baba yake, na Sandra arudiana naye. Kwa muda gani, filamu haisemi. Moraldo, aliyejua maovu ya shemeji yake akayanyamazia, apanda treni ya asubuhi bila kumwaga mtu. Wengi wamemsifu kwamba yeye peke yake aliamka. Sisi twasita. Kuondoka katika uvivu ni jambo jema. Lakini nyuma yake ameacha dada mwenye mtoto mchanga, mikononi mwa mume aliyemjua vizuri kuliko mtu mwingine yeyote. Hata Fausto alifunga sanduku.

Anayemsindikiza ni Guido, mtoto anayefanya kazi stesheni, ambaye Moraldo alizoea kukutana naye usiku, yeye akitoka kuzurura na mtoto akienda kazini. Guido amwuliza aendako, na Moraldo hana jibu. Treni yaondoka. Mtoto apunga mkono, kisha ageuka, akanyaga juu ya reli kwa mchezo, mikono kainyosha asianguke, na kurudi kazini.